Nililiuliza Sanduku

Mimi nina wivu. Nalisema mapema, asije mtu akanishika shati huko mbele akidai nilimficha. Wengine huzaliwa na makengeza, wengine na kidole cha sita. Mimi nilizaliwa na mashoto na wivu. Mashoto mama yangu alijaribu kuniondolea kwa kunifunga mkono na kitambaa wakati wa kula, akashindwa. Wivu hakuna aliyehangaika nao.

Kazi yangu ni kutengeneza masanduku ya safari. Chumba changu cha kazi kipo chini ya jengo la ghorofa tatu, baina ya duka la miwani na ngazi ya wapangaji. Nina cherehani moja ya ngozi, meza yenye makovu ya kisu, na rafu ambako masanduku ya watu yanasubiri kutibiwa: zipu zilizong'oka meno, mipini iliyokwama katikati, magurudumu yaliyolika upande. Ndege sijawahi kupanda. Lakini dunia naijua, tena kuliko wengi wanaoizunguka wakiwa wamelala. Miji yenye barabara za mawe hula magurudumu kwa nje. Miji ya ufukweni huacha mchanga kwenye mishono, na hautoki hata ukipiga brashi wiki nzima. Sanduku lililopita kwenye theluji lina weupe juu ya zipu. Wateja wameniambia huko humwaga chumvi barabarani watu wasiteleze. Bwana mmoja aliniambia ametoka kwenye semina, nikageuza sanduku lake, mchanga wa pwani ukamwagika mezani. Tukatazamana. Mimi nikaendelea na zipu.

Kanuni zangu ni mbili. Kwanza, kabla sijagusa kitu, nakata lebo zote za uwanja wa ndege zilizobaki kwenye mpini. Watu hupenda kuziacha zikining'inia ili majirani wazione, kumbe lebo ya zamani huweza kuwachanganya wapakizi, mtu akatua huku na sanduku lake kule. Pili, sanduku halitoki kwangu bila kujaribiwa. Nalijaza matofali yenye uzito wa mzigo wa mwenyewe, kisha nalivuta kuzunguka jengo mara tatu. Muuza miwani husimama mlangoni kila ninapopita.

"Fundi, leo wapi?"

"Mbali," namjibu.

Utani huohuo anao miaka ishirini sasa, na bado unamchekesha.

Mke wangu ni mkunga. Miaka thelathini na mitatu yupo wodi ya wazazi, na thelathini na mmoja yupo nyumbani kwangu. Hatuwezi kutembea barabarani kama watu wengine. Tukifika kona moja tu, jitu zima lenye ndevu linakuja limetanua mikono: "Mama! Si wewe uliyenipokea duniani?" Linamkumbatia, linamwinua, na mimi nasimama pembeni na mfuko wa nyanya. Najua ni upuuzi kumwonea wivu mtu ambaye mkeo alimshika akiwa na kilo tatu. Najua, na naona wivu.

Mwaka huu hospitali iliamua kumtunuku mtumishi aliyekaa wodini muda mrefu kuliko wote, yaani mke wangu: safari fupi ya nje, siku nne, yeye na mtu mmoja wa kumchagua mwenyewe. Ikaja fomu. Miji mitatu, weka alama kwenye mmoja, chini yake andika jina la utakayekwenda naye, irudishwe Ijumaa.

Jumapili mchana tuliiweka mezani katikati ya vikombe vya chai. Tulikuwa watatu, kwa maana mdogo wake mke wangu alikuwepo. Huyu anashona mapazia, na tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kumzima.

"Mji wa maduka," akasema Redio. "Hapo hakuna mjadala. Mtu anakwenda nje kufuata nini kama si maduka?"

"Mji wa ziwa," nikasema mimi. "Ni tulivu. Barabara zake ni laini, magurudumu ya huko yanarudi kama yalivyokwenda."

"Haya, kaliuliza gurudumu! Shemeji, wewe hata siku ya kufa utauliza jeneza lina magurudumu mangapi."

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Mimi nafikiria mji wa theluji," akasema.

Wivu ukaamka. Katika mji wa theluji anaishi mtu ninayemwita Bwana Baridi. Alikuwa mfamasia wa hospitali ile wakati mke wangu anaanza kazi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na hata wafagizi walijua kwamba anamtaka. Mwaka tuliochumbiana alikwenda kule kutazama kazi, akarudi kwa wiki mbili, kisha akahama moja kwa moja. Tangu hapo kila mwaka mpya huja kadi yenye nyumba zilizofunikwa theluji. "Nawatakia heri nyote nyumbani." Nyote! Mtu asiyekuwa na jambo ataandika "nawatakia heri" akanyamaza. Hilo "nyote" ni pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu mmoja. Neno hilo nimelisoma miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka linanichoma upya.

"Mwenzangu," nikasema, nikijikaza kisabuni, "miguu yako na baridi wapi na wapi?"

"Tutavaa makoti."

"Kuna nini huko?"

"Kuna theluji."

"Hata kwenye friji ipo."

Redio alicheka mpaka akamwaga chai. Mke wangu alinitazama mimi tu, kwa utulivu, namna anavyomtazama mzazi anayedai uchungu bado.

"Kwani mji huo haukukumbushi kitu?" akaniuliza.

"Unanikumbusha sana," nikamjibu. "Tena kuliko unavyodhani."

Uso wake ulifunguka kidogo, kisha akaona uso wangu, wake ukafungika. Fomu ikarudi kwenye bahasha.

Kesho yake aliniletea sanduku lake kazini, lile la kahawia alilohamia nalo nyumbani kwangu siku ya ndoa. Halikuwahi kuwa na magurudumu. Enzi zile masanduku yalibebwa kichwani au mkononi. Alitaka nilitie magurudumu na bitana mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Wakati nakata nyuzi upande wa kifuniko, nikahisi kitu kigumu kati ya kitambaa na ngozi. Fundi mwenye adabu akikuta kitu chini ya bitana ya mteja hukirudisha palepale na kushonea juu. Nimerudisha mengi katika maisha yangu, mengine ya kuvunja nyumba. Lakini huyu hakuwa mteja, alikuwa mke wangu. Nikaingiza vidole.

Ilikuwa lebo ya uwanja wa ndege. Imegeuka rangi ya chai, wino umefifia, lakini jina la mji lilisomeka bila miwani. Mji wa theluji.

Nilikaa kwenye kigoda changu. Bwana Baridi alikwenda kule, akarudi kwa wiki mbili na lebo ikining'inia kwenye sanduku, akaikata, akampa mke wangu. "Kaa nayo, utanifuata." Na yeye akaishonea ndani, akaja nayo kwangu akiwa amevaa gauni la harusi. Nimelala na lebo hiyo chumba kimoja tangu siku ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema; changu kilikuwa kwenye bitana.

Mtu mwenye akili angeichukua lebo akamuuliza mkewe, "Hii nini?" Maneno mawili. Mimi niliificha chini ya kopo la gundi, na kila nilipofika kazini niliinua kopo nikaitazama, ili hasira isipoe. Nyumbani nikanuna. Nilijibu kwa "ndiyo" na "hapana", nikanywa chai kwa kelele. Mke wangu aliniuliza kama tumbo linauma.

Alhamisi jioni aliitoa fomu, akaketi, akafungua kalamu. Aliweka alama kwenye mji wa theluji mbele ya macho yangu.

"Sasa naandika jina lako," akasema.

"Usiandike."

Kalamu ikasimama.

"Badilisha mji, nitakwenda," nikasema. "Ziwa au maduka, popote. Mji huo siendi. Kama huwezi kuuacha, nenda na mdogo wako."

Nakiri nilichokuwa nakipigia hesabu kichwani. Nilijua atabadilisha. Mwanamke gani atakataa kwenda na mumewe kwa ajili ya theluji? Na akikataa, basi nitakuwa nimepata jibu langu.

"Hayo ndiyo maneno yako?"

"Ndiyo hayo."

Akaandika jina la Redio, herufi moja moja, kwa mwandiko ule safi anaoandikia uzito wa watoto wachanga. Akaipuliza karatasi wino ukauke. Ijumaa asubuhi aliondoka nayo.

Basi nikawa na wivu wa aina mbili. Wa zamani nilikuwa nimeuzoea, kama jiwe dogo kwenye kiatu. Huu mpya, wa Redio, ulinikosesha hata hamu ya kula. Alikuja nyumbani kila siku. Alikuja na koti la kuazima akalijaribu mbele ya kioo changu. Alikuja kuuliza kama theluji ina harufu. "Shemeji, nikuletee nini?" aliniuliza meno yote nje. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Nami niliwashwa, nikawashwa mpaka masikio. Mtu ambaye alitaka maduka anapelekwa kwenye theluji, na mimi ninayezijua zipu za theluji tangu ujana nabaki kutoboa ngozi.

Jumatano iliyofuata mpima ardhi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea sanduku lenye lebo nne kwenye mpini. Kama kawaida nikachukua kisu cha ngozi. Nakata kwa kushoto, kwa hiyo mkato wangu unalala upande usio wa watu. Na mwishoni nazungusha kiwiko kidogo, kisu kinaacha jino dogo kwenye ukingo. Mwalimu wangu wa ufundi aliligombeza jino hilo miaka mitatu, halikutoka. Lebo ya kwanza ikaangukia karibu na kopo la gundi. Na kwa kuwa ilikuwa saa yangu ya kulisha hasira, nikainua kopo.

Zilikuwa mbili pale mezani, moja nyeupe na moja ya rangi ya chai. Zote zililala upande uleule. Zote zilikuwa na jino.

Nikaziweka moja juu ya nyingine. Zikakaa kama zimekatwa kwa pigo moja.

Ndipo siku ile iliponirudia, taratibu, kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, nina kiatu kimoja chenye kisigino na kingine kisicho nacho. Aliingia msichana na sanduku la kahawia lenye kitasa kibovu, anahama bweni la wauguzi. Mimi nilikuwa nakata lebo za sanduku la tajiri fulani, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha msichana yule isipokuwa kisu na mdomo. Nikamnyooshea lebo. "Chukua hii," nikamwambia. "Siku moja nitakupeleka hapa." Mji wenyewe nisingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Ni lebo tu iliyokuja mkononi. Alicheka, akaitia kwenye mkoba wake. Mimi nilisahau kabla ya wiki kwisha. Siku zile niliahidi mengi.

Mganga hajigangi. Nimesoma masanduku ya nusu ya mji huu, nikashindwa kuutambua mkono wangu mwenyewe.

Nilifunga kazi mchana ule bila kumwambia mtu, nikaenda hospitali kwa mguu, karibu mbio. Karani wa utawala alikuwa mwanamke kijana mwenye mihuri sita kwenye kishikio.

"Nataka kubadilisha jina moja tu," nikamwambia. "Mimi ni mume wa mkunga."

"Mzee wangu, majina yamekwenda. Maombi ya viza yameshapokewa."

"Jina moja, mwanangu."

"Hata herufi moja, baba. Pole."

Nikamkuta mke wangu nyumbani anapiga pasi sare yake. Niliiweka lebo ya zamani juu ya meza, mbali kidogo na pasi.

"Nimeikuta," nikasema.

Aliitazama bila kuigusa. "Umeikuta lini?"

"Kabla hujaandika fomu."

Akazima pasi. Hapo nikajua mambo ni mazito, kwa maana mke wangu anaweza kugombana na kupiga pasi kwa wakati mmoja.

"Ukaitoa kwenye bitana, ukakaa nayo, ukaninunia siku zote zile. Ulidhani nimepewa na nani?"

Nikamtajia Bwana Baridi, kwa jina lake la kweli, ambalo sikuwahi kulitamka ndani ya nyumba yetu.

"Yule?" Alivuta kiti akakaa. "Yule alihama mji ule miaka tisa iliyopita. Anakaa kwa binti yake, nchi nyingine kabisa. Kadi zake unasoma neno moja mwaka hadi mwaka, na stempu huitazami?"

Ni kweli, stempu sikuwahi kuitazama hata siku moja.

"Pale mezani nilikuuliza," akaendelea. "Nikakwambia, mji huo haukukumbushi kitu? Ukasema unakukumbusha sana. Moyo wangu uliruka, nikasema kumbe hajasahau! Nilitaka uje unitimizie ahadi yako, hata kama tiketi inatoka hospitali."

"Nilidhani..."

"Usiniambie ulichodhani. Miaka thelathini na mmoja tunalala kitanda kimoja. Mdomo ninao, masikio ninayo. Wewe ukaenda kuliuliza sanduku."

Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. Aliwasha pasi tena, akaigusa kwa kidole chenye mate kuona kama imeshika moto, akaendelea na mkono wa pili wa sare.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja na begi lake kabisa akahamia. Nilimaliza lile sanduku kama sijawahi kumaliza jingine. Nilitia magurudumu ya mpira mgumu yanayostahimili chumvi, bitana ya kijani anayoipenda, nikapaka nta kwenye meno ya zipu. Lebo ya zamani niliirudisha palepale nilipoikuta, nikashonea juu kwa mishono midogo. Kisha nikajaza matofali, nikatoka kulijaribu.

"Fundi, leo wapi?" akauliza muuza miwani.

Nikamtajia mji wa theluji kwa jina lake. Alicheka. Nilizunguka jengo mara tatu kama kanuni inavyotaka, halafu mara ya nne, na ya tano, na ya sita, na kwenye ya sita hakuuliza tena.

Waliondoka Jumatatu. Redio alinipungia mkono kwa madaha mpaka gari likapinda kona. Siku nne zile nilikula mkate mkavu na kutazama utabiri wa hali ya hewa wa mji ambao haunihusu. Kule ilianguka theluji siku mbili mfululizo. Nilifurahi, nikakasirika.

Walirudi Ijumaa. Redio aliingia akizungumza na hakuwa amenyamaza tangu uwanja wa ndege. Kumbe theluji haina harufu, kumbe inalia chini ya kiatu, kumbe yeye na dada yake walianguka pamoja mbele ya kanisa wakacheka mpaka askari akaja kuwainua. Kila neno lilikuwa langu, nami nililisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Niliinama nikaligeuza sanduku ili wasiuone uso wangu. Magurudumu yalikuwa yamesimama imara. Juu ya zipu palikuwa na ule weupe.

Lebo mpya ilikuwa inaning'inia kwenye mpini. Nikachukua kisu.

"Nipe mimi," akasema mke wangu.

Nikampa. Alikata kwa mkono wa kulia, pole pole, ulimi ukiwa umetokeza kidogo kama mtu asiyezoea kisu. Mkato ukalala upande wa watu, hauna jino. Akaipitisha lebo juu ya meza mpaka mbele yangu.

"Chukua hii," akasema. "Siku moja nitakupeleka hapa."

Hakutabasamu, na sikuweza kujua kama ananisamehe au ananilipiza. Redio, katika kusimulia kwake, alikuwa amefika siku ya pili ya safari. Niliichukua lebo nikaitia mfuko wa shati, na mpaka leo naihamisha kila ninapobadilisha shati. Mimi niliposema maneno hayo, niliyasahau kabla ya wiki kwisha. Namwomba Mungu yeye asiwe na kichwa kama changu.